Klabu za pikipiki za "asilimia moja": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila tamthilia mpya ya mapikipiki inapoingia kwenye televisheni, huwa naulizwa maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Nimekuwa nikifuatilia historia ya klabu hizi kwa miaka mingi, na kinachoniuma ni kuona zikisimuliwa kwa namna mbili tu: ama watu hawa ni mashujaa wa barabara huria, ama kila mwenye ndevu na kizibao cha ngozi ni muuaji. Ukweli una mambo mengi kuliko hayo.

Hizi ni klabu za namna gani?

Ni klabu za wanaume wanaoendesha pikipiki kubwa. Zilizaliwa Marekani, zikakataa kuwa chini ya vyama rasmi vya waendesha pikipiki, zikajitungia sheria zake. Watu huziita klabu za nje ya sheria, lakini jina hilo halikuanza na maana tunayoipa leo.

Mwaka 1924 kiliundwa chama cha AMA, kikawa ndicho kinachosajili klabu za pikipiki Marekani, kuandaa mashindano na kuweka kanuni. Klabu zake zilivaa sare nadhifu, na ile iliyopendeza kuliko nyingine ilipewa tuzo. Klabu ambayo haikusajiliwa na AMA, au mbio zilizofanyika bila kibali chake, ziliitwa za nje ya sheria. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa pale mwanzo ilikuwa ya chama cha michezo, wala si ya nchi. Mtu angeweza kuwa fundi makenika mwenye mke na watoto, hajawahi kukanyaga mahakamani, na bado klabu yake ikaitwa hivyo. Maana ya polisi ilikuja baadaye, na ndiyo iliyodumu.

Hollister kulitokea nini hasa?

Hollister ni mji mdogo wa California. Mwaka 1947 ulikuwa na wakazi wapatao 4,500 na polisi saba. Mwishoni mwa juma la tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, AMA ilirudisha pale mashindano yaliyokuwa yamesimama wakati wa vita. Wakaja watu wapatao 4,000. Vyumba vya kulala vikaisha, watu wakajilaza kwenye bustani na viambazani, bia ikanywewa kama maji, mbio zikahamia barabara kuu ya mji, na wengine wakaingia na pikipiki hadi ndani ya baa. Watu kama 50 walikamatwa, wengi kwa ulevi na fujo. Wapatao 60 waliumia. Hakuna aliyeuawa.

Kilichoupa mji huo sifa mbaya ni picha moja. Jarida la Life la tarehe 21 Julai liliitoa ukurasa mzima: mwanamume mnene ameketi juu ya Harley-Davidson, chupa ya bia mkono huu na nyingine mkono ule, na chini ya magurudumu chupa tupu zimetapakaa. Nyuma yake anaonekana mfanyakazi wa jumba la sinema aliyekuwa akipita. Miaka mingi baadaye mtu huyo alieleza kwamba aliwaona wapiga picha wakizikusanya zile chupa na kuzipanga kuizunguka pikipiki, kisha wakamtafuta mlevi wa kuketi juu yake. Itazame picha hiyo ukiwa umeshaijua habari hii. Jicho litakwenda kwenye chupa kwanza, na utaona zilivyosogea karibu mno na magurudumu.

Mwaka 1951 ikatoka hadithi fupi iliyochota kwenye tukio hilo, na mwaka 1953 Hollywood ikaigeuza kuwa filamu ya Marlon Brando, ambayo Uingereza iliizuia kwa zaidi ya miaka kumi. Vijana walioitazama wakaenda kununua majaketi ya ngozi. Wakawa wanaiga filamu, ambayo nayo ilitokana na habari iliyokolezwa kwa picha ya kupangwa. Mtu asipolijua hilo hawezi kuzielewa klabu hizi: sehemu kubwa ya sura yao walichorewa na watu wa nje, nao wakaivaa.

Wenyeji wa Hollister hawakuweka kinyongo. Mwaka 1997 waliadhimisha miaka 50 ya tukio lile kwa tamasha kubwa la pikipiki.

"Asilimia moja" ni asilimia moja ya nini?

Husimuliwa kwamba baada ya Hollister, AMA ilitangaza kuwa asilimia 99 ya waendesha pikipiki ni raia wema. AMA yenyewe imesema haina kumbukumbu yoyote ya kutoa tamko hilo. Liwe lilitolewa au la, baadhi ya klabu zilijibu: basi sisi ndio ile moja iliyobaki. Wakashona "1%" ndani ya umbo la almasi na kulibandika kifuani. Ukiliona almasi hilo kwenye kizibao halisi, jua aliyelivaa ametamka kwa hiari yake kwamba hatambui sheria ya mtu mwingine juu ya klabu yake. Halivaliwi kwa urembo.

Kwa nini zilianza na wanajeshi waliorudi vitani?

Kuna sababu ya moyo na sababu ya mfuko. Ya moyo ni rahisi kuikisia: kijana wa miaka 22 ametoka kurusha mabomu juu ya Ulaya, anarudi nyumbani anaambiwa akauze soksi dukani. Anawakumbuka wenzake wa kikosi, na anaikumbuka hatari yenyewe.

Ya mfuko haisemwi sana. Wakati wa vita Harley-Davidson iliunda pikipiki za jeshi za aina ya WLA zipatazo 90,000, na vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Zilikuwa nzito kwa mtu anayetaka mbio, kwa hiyo vijana wakazivua nyama: madigadi yakakatwa, mifuko ikang'olewa, kila chuma kisicho na kazi kikatupwa. Jaketi la jinzi nalo likakatwa mikono na kuwa kizibao.

Klabu ya Boozefighters, iliyokuwa Hollister mwaka ule, ilianzishwa mwaka 1946 na Willie Forkner, askari aliyerudi vitani. Hapo ndipo utaona kwa nini klabu za watu wanaojiita huru zina vyeo, viapo, beji na adhabu. Waliukimbia uraia wa kawaida, wakajijengea upya kitu pekee walichokifahamu vizuri, yaani kikosi.

Klabu kubwa ni zipi?

Outlaws wanahesabu asili yao tangu mwaka 1935, kwenye baa moja ya McCook, karibu na Chicago. Hells Angels walianza tarehe 17 Machi 1948 huko California, na jina walilitoa kwa vikosi vya anga vya wakati wa vita. Pagans walianza Maryland mwaka 1959. Bandidos walianzishwa Texas mwaka 1966 na Don Chambers, aliyewahi kuwa askari wa majini. Mongols walizaliwa mwaka 1969 pembezoni mwa Los Angeles, na wengi wao walikuwa Walatino.

Hells Angels ndio waliosambaa mapema kuliko wote. Walifungua tawi Auckland, New Zealand, mwaka 1961, na London mwaka 1969. Aliyewajulisha kwa dunia ni Sonny Barger wa tawi la Oakland, aliyefariki Juni 2022. Wasomaji wengi hudhani hawa walikuwa waasi wa kisiasa, kumbe sivyo. Mwaka 1965 waliwapiga waandamanaji waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam, kisha Barger akampelekea Rais Johnson telegramu, akijitolea yeye na wenzake kwenda kupigana nyuma ya mistari ya adui.

Ile nembo ya mgongoni husomwaje?

Husomwa kutoka juu kwenda chini. Juu kuna kitambaa kilichopinda kama upinde chenye jina la klabu. Katikati kuna picha: Hells Angels wana fuvu lenye mabawa, Bandidos wana Mmexico mnene mwenye kofia ya sombrero, upanga na bastola. Chini kuna upinde mwingine wenye jina la eneo, na pembeni herufi MC, yaani Motorcycle Club, klabu ya pikipiki. Rangi nazo husema, nyekundu na nyeupe kwa Hells Angels, nyekundu na dhahabu kwa Bandidos.

Huo upinde wa chini ndio uliomwaga damu. Mtu akishona jina la jimbo mgongoni hasemi "natoka huku", anasema "huku ni kwetu". Klabu ndogo inayotaka kuvaa jina la jimbo hutakiwa kwanza kuomba idhini kwa klabu kubwa ya pale. Cossacks wa Texas waliposhona neno "Texas" bila idhini ya Bandidos, uhasama ukawaka, na tarehe 17 Mei 2015, katika mgahawa mmoja mjini Waco, watu tisa wakafa. Chimbuko la ugomvi lilikuwa kipande cha kitambaa unachoweza kukificha kwenye kiganja.

Kizibao si mali ya anayekivaa. Ni cha klabu. Mtu akiondoka au akifukuzwa hukirudisha, na kukipoteza ni aibu kubwa kuliko kupoteza pikipiki. Wengi hukivua au kukigeuza wanapopanda gari. Mgeni hakigusi, hata kwa nia njema ya kumpiga mwenyewe begani. Nimewahi kusimama karibu na mmoja wao kituo cha mafuta Ulaya: jua lilikuwa kali, akakivua, akakikunja nembo ikiwa ndani, akakiweka juu ya tangi la pikipiki, na mkono wake haukukiachia hata alipokuwa akilipa.

Mtu anajiungaje?

Hajiungi, analetwa. Kwanza anakuwa mtu wa kuzunguka-zunguka: anajulikana, anakaribishwa kwenye sherehe, anatazamwa. Akiridhisha, mwanachama mmoja humdhamini, naye anakuwa mwanagenzi. Uanagenzi huchukua mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi. Mwanagenzi huvaa kizibao kisicho na picha ya katikati. Hulinda pikipiki za wakubwa usiku wa baridi, huosha vyombo, huleta bia, na simu ikilia saa tisa za usiku huinuka bila kuuliza. Mwisho hupigiwa kura, na katika matawi mengi kura moja ya kukataa inatosha kumrudisha nyuma. Polisi na askari magereza kwa kawaida hawapokelewi kabisa.

Kwa nini mtu mzima akubali kutumikishwa hivyo? Jibu zuri kuliko yote niliyokutana nayo limetoka kwa adui yao. William Queen, ofisa wa idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia silaha na milipuko, alijipenyeza kwa Mongols mwishoni mwa miaka ya 1990, akakaa nao zaidi ya miaka miwili, akawa mwanachama kamili na hata mweka hazina wa tawi. Akiwa humo mama yake akafariki. Alisimulia baadaye kwamba wenzake kazini hawakumpa hata pole, lakini wale aliokuwa akiwapeleleza walimkumbatia mmoja mmoja na kumwambia wanampenda. Sisi tunaojua uzito wa kufika msibani hatuhitaji maelezo zaidi. Queen aliendelea na kazi yake, na wengi wa watu hao wakafungwa.

Ndani ya klabu mambo huendeshwaje?

Kila tawi lina rais, makamu, katibu, mweka hazina, mkuu wa nidhamu na nahodha wa safari. Kikao cha kila wiki wanakiita kanisa, na kwa kawaida asiye mwanachama kamili haingii. Kuna ada, kuna faini za kuchelewa. Barabarani msafara hupangwa kwa vyeo: rais mbele, wanagenzi nyuma, na gari la msaada mwisho.

Na wanawake je? Na watu weusi?

Wanawake hawapokelewi kama wanachama. Baadhi ya wake na wapenzi walivaa vizibao vilivyoandikwa kwamba wao ni mali ya fulani. Nimesoma utetezi wa kila aina kwamba neno hilo ni ulinzi na wala si umiliki, na haujanishawishi. Wanawake wapenda pikipiki walikuwa na njia yao: klabu ya Motor Maids ipo tangu mwaka 1940, na Bessie Stringfield, mwanamke mweusi, alivuka Marekani kwa pikipiki mara kadhaa enzi za ubaguzi mkali, akalala juu ya pikipiki yake kwenye vituo vya mafuta aliponyimwa chumba.

Klabu nyingi kubwa zilikuwa za wazungu watupu, na katika miaka ya 1960 baadhi ya wanachama walivaa alama za Kinazi wakidai ni za kutisha watu tu. Weusi wakaunda zao. Mjini Oakland, nyumbani kwa Barger, Tobie Gene Levingston alianzisha East Bay Dragons mwaka 1959. Wanaume wale, wengi wao watoto wa familia zilizohama mashamba ya Kusini, walipita mitaani juu ya Harley zilizong'arishwa wakati ambapo mtu mweusi kumiliki kitu cha namna hiyo kulitosha kumfanya asimamishwe na polisi. Hadithi yao inastahili kusimuliwa sana kuliko inavyosimuliwa.

Altamont ilikuwa nini?

Tamasha la muziki la bure kaskazini mwa California, tarehe 6 Desemba 1969. Hells Angels waliwekwa karibu na jukwaa la Rolling Stones, na inaelezwa kwamba malipo yao yalikuwa bia ya dola 500. Meredith Hunter, kijana mweusi wa miaka 18, aliyekuwa na bastola, alichomwa kisu na mmoja wao, kamera zikiwa zinarekodi. Aliyeshtakiwa aliachiwa mwaka 1971 kwa kuwa mahakama ilikubali alijitetea.

Basi ni klabu au ni magenge ya wahalifu?

Klabu husema: wanachama wachache wakiuza dawa za kulevya, hiyo ni dhambi yao, si ya klabu. Polisi husema klabu yenyewe ndiyo mashine. Marekani ina sheria ya mwaka 1970 iitwayo RICO, inayoruhusu kushtaki kundi zima kama mtandao wa uhalifu. Ilijaribiwa kwa Barger na wenzake wa Oakland mwaka 1979, na baraza la wazee wa mahakama likashindwa kuafikiana. Tangu hapo kesi nyingine nyingi zimefaulu: dawa za kulevya, hasa methamfetamini, silaha, kutoza watu kwa vitisho, mauaji.

Maoni yangu ni haya. Wapo wanachama wanaofanya kazi halali na kupeleka midoli kwa watoto yatima kila Desemba, na midoli hiyo ni ya kweli. Lakini kundi linalowataka watu wake wakae kimya daima, linalodai mipaka ya ardhi isiyo yake na linalomtukuza aliyetoka jela, limeshajenga nyumba ambamo uhalifu unapata chumba. Mwanachama mwema analipa ada ya nyumba hiyohiyo.

Vita vibaya zaidi vilikuwa vipi?

Vya Quebec, Kanada. Kuanzia mwaka 1994 Hells Angels na Rock Machine walipigania soko la dawa za kulevya, na hadi mambo yalipotulia mwaka 2002 watu zaidi ya 150 walikuwa wameuawa. Agosti 1995 gari lililotegwa bomu lililipuka mtaani Montreal, na kipande cha chuma kikampata mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akicheza ng'ambo ya barabara. Akafa siku chache baadaye. Mama yake hakunyamaza. Alisimama hadharani kudai sheria, na mwaka 1997 bunge la Kanada likapitisha sheria ya kwanza ya nchi hiyo dhidi ya magenge. Mwaka 2000 mwandishi wa habari Michel Auger, aliyekuwa akiwaandika, alipigwa risasi sita katika maegesho ya gazeti lake. Alipona, akarudi kuandika. Maurice Boucher, kiongozi wa Hells Angels wa pale, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2002 kwa kuagiza mauaji ya askari magereza wawili, akafia gerezani mwaka 2022.

Skandinavia nayo ilipigana kati ya 1994 na 1997, Hells Angels kwa Bandidos, wakatumia hata makombora ya kulipua vifaru yaliyoibwa kwenye maghala ya jeshi la Sweden. Moja lilirushwa kwenye jengo la Hells Angels mjini Copenhagen Oktoba 1996, likaua watu wawili. Mmoja wao alikuwa mgeni tu aliyealikwa kwenye sherehe. Vita vilikwisha kwa viongozi wawili kupeana mikono mbele ya kamera za televisheni. Na Australia, Siku ya Akina Baba mwaka 1984, Comancheros na Bandidos walirushiana risasi katika maegesho ya baa huko Milperra, Sydney. Walikufa saba, mmoja wao msichana wa miaka 14 ambaye hakuwa wa upande wowote.

Serikali zimefanya nini?

Nyingi zimeishia kuiandama nembo yenyewe. Uholanzi ilizipiga marufuku klabu nzima kwa amri ya mahakama, Bandidos mwaka 2017 na Hells Angels mwaka 2019. New Zealand imekataza nembo za magenge hadharani tangu Novemba 2024. Marekani, waendesha mashtaka walijaribu kuwanyang'anya Mongols haki ya kisheria ya nembo yao, na mwaka 2019 jaji akakataa, akisema hatua hiyo ingevunja uhuru wa kujieleza.

Waco ilionyesha upande mwingine wa kosa. Polisi walikamata watu 177 siku moja, wengi kwa sababu ya walichovaa, wakawafungulia karibu wote mashtaka yaleyale. Hadi mwaka 2019 mashtaka yote yalikuwa yamefutwa bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani. Vifo tisa, na hakuna aliyejibu.

Afrika wapo?

Afrika Kusini wapo, Hells Angels wakiwamo. Huku kwetu, makundi ya wapenda pikipiki kubwa unayoyaona yakitoka Nairobi kwenda Naivasha au Dar es Salaam kwenda Bagamoyo mwisho wa juma ni klabu za matembezi, hata wakivaa vizibao. Na vijiwe vya bodaboda havihusiani kabisa na habari hii. Bodaboda yupo barabarani kutafuta riziki.

Nimenunua fulana ya mtumba imeandikwa "Support 81". Nivae?

Herufi ya nane ni H, ya kwanza ni A: 81 ni Hells Angels. Fulana hizo huuzwa na klabu kwa watu wa nje wanaoiunga mkono, ndiyo maana hufika hadi kwenye marobota ya mitumba. Ukiwa Tandika au Gikomba, vaa, hakuna atakayeuliza. Ukisafiri nayo Ujerumani, Kanada au Australia, iache nyumbani, kwa sababu huko kuna wanaoisoma. Na kikiwa ni kizibao chenye upinde wa juu, picha na upinde wa chini, usikivae popote. Chunguza mishono yake: kama kimewahi kuwa cha mtu kweli, hakikutoka mgongoni kwake kwa hiari.